Koo la Msimamizi

Mafundi wa karakana ile ya samani walikuwa na majina mawili kwa msimamizi wao. Mbele yake walimwita Mkuu. Akigeuka tu, walimwita Honi. Mwenyewe alijua, wala hakuchukia. Alijisemea kwamba mtu haitwi Honi kama hasikiki.

Na kusikika alisikika. Karakana ilikuwa jengo refu la mabati: mashine ya randa upande huu, msumeno wa umeme katikati, na kule mwisho, nyuma ya pazia la turubai, chumba cha vanishi ambako vumbi lilipigwa marufuku. Mashine zikiwaka zote, mafundi walizungumza kwa mikono kama mabubu. Honi peke yake ndiye aliyeweza kusimama mlangoni, akafungua kinywa, na kila mtu hadi nyuma ya turubai akajua leo ni zamu ya nani. Sifa hiyo ndiyo iliyompa usimamizi. Mafundi waliomshinda kwa mkono walikuwepo, lakini Tajiri, mwenye karakana, aliwaruka wote akamchukua yeye. "Fundi mzuri nitampata popote," alisema siku ya kumpandisha cheo, "lakini sauti kama hii mtu huzaliwa nayo."

Honi hakugomba kwa sababu ya roho mbaya. Aligomba kama watu wengine wanavyopiga mswaki. Asubuhi aligomba kidogo ili kuamsha watu. Saa ya chai aligomba ili watu wasiizoee chai. Kosa likitokea aligomba kwa ajili ya kosa, na lisipotokea aligomba kwa ajili ya lile ambalo lingetokea kama yeye asingekuwepo. Mzee aliyemfundisha useremala aliamini kwamba fundi asiyegombezwa ni kama msumari usiopigwa ukaingia: utabaki umechomoza, uchane watu nguo. Honi alipigwa nyundo hiyo ujana wake wote, na kwa kuwa alipona, aliamini kwamba ilikuwa dawa.

Aliyenyweshwa dawa hiyo kuliko wote alikuwa fundi wa vanishi, ambaye wenzake walimwita Taratibu. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyepaka vanishi kama anayeogopa kuuamsha ubao. Alipaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapitisha msasa laini, akafuta vumbi kwa kitambaa, ndipo akapaka mkono wa pili. Wakati wa kungoja alikaa juu ya kopo la rangi lililofudikizwa, ametulia tuli, anatazama. Na kama kuna kitu kilichomchoma Honi rohoni, ni kumwona mtu amekaa saa za kazi.

Siku mambo yalipoharibika, mteja alikuwa njiani kuja kuchukua kabati lake la milango mitatu. Honi alikuwa amelizunguka tangu asubuhi, akilibonyeza hapa na pale kuona kama limekauka. Mara akaona, katikati ya mlango wa kati, alama ya kidole gumba imekaa wazi kama muhuri wa serikali. Akalivuta turubai.

"Hii ni nini?" alinguruma. "Mteja anakuja kuchukua kabati au anakuja kupigwa alama za vidole? Mkono huo unapaka vanishi au unapaka aibu? Kila siku nakwambia. Kila siku nakwambia. Umekaa juu ya kopo kama kuku anayeatamia. Wewe ni..."

Hapo sauti ikapasuka. Ikatoa mlio kama bawaba isiyo na mafuta, halafu ikakatika kabisa. Honi alifungua kinywa tena, ikatoka pumzi tupu. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Mafundi wakasimama, kila mtu na kifaa chake mkononi, wakingoja mwisho wa sentensi. Aliyengoja kwa heshima kuliko wote alikuwa Taratibu mwenyewe, ameinamisha kichwa, tayari kuambiwa yeye ni nini. Hakuambiwa. Honi alishika koo, akageuka, akatoka nje.

Kesho yake mkewe alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na haraka. Alimmulika koo kwa kurunzi, akaandika, akamuuliza kazi yake. Mkewe akajibu kwa niaba yake.

"Ni msimamizi wa mafundi."

"Anasimamia kwa kitu gani, kwa koo?"

"Ndiyo," mkewe alisema.

Daktari akaweka kurunzi mezani. "Baba, umeota vinundu kwenye nyuzi za sauti. Mwezi mzima usiseme neno. Usinong'one pia, kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema. Ukiona huwezi, sawa, utarudi hapa tukupasue."

Hakupaza sauti na hakurudia. Honi alitikisa kichwa kukubali kama mtoto wa shule. Njiani ndipo alipogundua kwamba alikuwa ametoka kugombezwa, na kwamba alikuwa ameelewa kila neno.

"Hata nyumbani asiseme?" mkewe alikuwa ameuliza kabla hawajaondoka.

"Hata nyumbani, mama."

Mkewe aligeuza uso kuelekea dirishani. Honi aliona mabega yake yakitikisika, akadhani analia, akamwonea huruma.

Alirudi kazini bila sauti, na karakana nzima ikaingiwa na hofu. Wao walikuwa wamezoea mvua ya Honi: inanyesha, inakuloanisha, inapita. Sasa wingu lilikuwa limetanda na halinyeshi. Aliingia asubuhi, akasimama mlangoni, akawatazama, akapita. Fundi wa kukereza, aliyekuwa akichonga miguu ya meza, akamnong'oneza mwenzake, "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu anaweka akiba." Habari za daktari walizisikia, lakini nani ataamini habari za daktari? Wengine walisema Tajiri anataka kupunguza watu, na Honi amepewa kazi ya kuchagua, ndiyo maana anatazama tu.

Siku ya pili Honi alikwenda kwa fundi wa kukereza kuazima penseli. Kwa kuwa hakuweza kuomba, alisimama mbele yake akiitafuta kwa macho. Fundi akaendelea kukereza. Honi akaendelea kusimama. Jasho jembamba likamtoka yule bwana, mwisho akaizima mashine.

"Mkuu, nitasema ukweli," alisema. "Kile kitanda cha shemeji yangu, mbao zilitoka hapa. Lakini zilikuwa vipande, Mkuu. Vipande virefu kidogo."

Honi alikuwa hajui habari ya kitanda wala shemeji. Alinyoosha mkono, akaichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la yule fundi, akaondoka nayo. Fundi akabaki ameshika sikio.

Basi ikawa mwendo huo. Alisimama kwa aliyepiga randa, naye akakiri kwamba saa ya chai yake huwa ni mbili. Alisimama kwa aliyefunga bawaba, naye akasema kwamba ile milango ya jikoni iliyorudishwa na mteja ni yeye, si mwenzake aliyebeba lawama. Miaka yote Honi aligomba mpaka vioo vikatetemeka na hakuwahi kukiriwa hata kijiti cha kiberiti. Sasa kila akitaka msumari, anapewa na toba juu yake. Alirudi kwenye kiti chake amechanganyikiwa, kama mtu aliyetupa ndoano bila chambo akavuta samaki.

Kwa mambo ya lazima alitumia mabaki ya mbao nyembamba na ile penseli. Hapo nako alipata shida asiyoitegemea. Mara ya kwanza aliona droo ya meza haifungi vizuri. Akachukua kipande cha ubao akaanza kuandika karipio lake kama alivyozoea kulisema: Wewe macho yako ni ya kutazamia au ya kulalia, kila siku nakwambia. Ubao ukajaa kabla hajafika kwenye droo. Akageuza upande wa pili, akaandika: Inakwama kushoto. Akampa fundi.

Fundi alisoma upande wa pili tu. Akaitoa droo, akaipiga randa upande wa kushoto, akairudisha. Ikateleza kama siagi. "Asante, Mkuu," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Honi alibaki amesimama. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumjibu karipio kwa asante, na hakujua mtu hupaswa kuweka wapi uso wake baada ya hapo.

Nyumbani mambo yalikuwa na sura nyingine. Honi alikuwa na binti mmoja, yuko sekondari, na binti huyo alilelewa na mama kwa maneno manne: ngoja baba yako aje. Jumapili moja binti alitoka kwa rafiki yake amechelewa, mama akamkuta mlangoni, akamwambia maneno yale yale. Binti hakujibu kwa jeuri. Alisema kwa upole kabisa, "Lakini mama, baba hana sauti."

Mama alisimama na mwiko wake mkononi. Kumbe miaka yote alikuwa akitishia watu kwa bunduki ya kuazima. Akaweka mwiko chini, akamkalisha binti, akamgombeza mwenyewe, bila mfano wowote wa kuku wala kopo. Alimuuliza alikuwa wapi, akamwambia alivyokuwa na wasiwasi, akamwambia kwamba simu si pambo. Binti akasema samahani, na ilikuwa samahani ya kweli, kwa sababu akaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Honi aliyaona hayo yote akiwa sebuleni, ameshika gazeti. Mkewe alipoingia, jasho bado liko kwenye paji la uso, alimtazama kama fundi anayetazama ubao uliobaki.

"Weka gazeti," alisema. "Leo nina maneno, na leo huna pa kunikatia."

Honi akaweka gazeti.

"Unakumbuka siku tuliyorudi kutoka kumzika baba yangu? Nikaingia jikoni, nikaunguza chakula. Ulinigombeza mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine. Sisemi ulinionea. Chakula kiliungua. Lakini siku ile sikuhitaji mtu wa kuniambia kimeungua, harufu niliisikia mwenyewe."

Alikaa kwenye kiti cha pili.

"Tangu siku ile kuna mambo sikuambii. Si siri, mambo tu. Dada yangu alipougua hukujua mpaka alipopona. Niliona, nikikuambia, utapata la kugomba: kwa nini hakwenda hospitali mapema, kwa nini anakula vile. Na mimi nilitaka mtu wa kusema pole. Sisemi wewe ni mume mbaya. Ungekuwa mbaya ningeshaondoka, ningekuwa na sababu ya kuwaambia watu. Wewe unachosha. Mtu atakwenda kwao aseme nimeachana naye kwa sababu anachosha?"

Honi aliinuka, akachukua kipande chake cha ubao kilichokuwa juu ya kabati, akaishika penseli. Utetezi alikuwa nao tele. Alitaka kuandika kwamba yeye ndivyo alivyolelewa, kwamba hakuna siku alimnyooshea mtu mkono, kwamba mtu hugomba anachokipenda, asichokipenda hukipita. Alipima maneno hayo na ubao. Halafu akaviweka vyote viwili chini, akakaa tena. Mkewe aliendelea mpaka jua likahama dirishani, na Honi akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa ndoa ile lilikuwa jipya kama kuoana upya.

Tajiri alikuwa safarini kutafuta mbao. Aliporudi, alishuka kwenye gari lake, akasimama uani, akatega sikio. Alisikia randa, alisikia msumeno, alisikia nyundo. Hakusikia kingine. Akaingia ndani mbio.

"Mbona kimya hivi? Kuna msiba?"

Mafundi walikuwa wakifanya kazi. Samani za wateja zilikuwa zimepangwa ukutani, tayari kabla ya siku yake. Tajiri hakuziona. Aliwaona watu wametulia, na mtu aliyetulia, kwa hesabu za Tajiri, ni mtu anayelipwa bure. Alimwita Honi katikati ya karakana, mbele ya wote.

"Bwana Msimamizi, mimi naondoka kidogo tu, wewe unageuza karakana yangu maktaba? Mteja akija pale ofisini akakuta kimya, atajua pesa yake inafanyiwa kazi? Mteja hajui mbao. Mteja anajua kusikia mtu anagombezwa kwa ajili ya kabati lake, moyo unatulia. Cheo hicho nilikupa kwa sababu ya koo. Sasa koo limekufa, nifanye nini na mwili uliobaki?"

Honi alikunja na kukunjua vidole. Kila jibu lilifika kooni likapiga kona. Alihisi masikio yanawaka moto, na macho ya mafundi yakimtembea mgongoni. Alijaribu kushika alichoambiwa arekebishe, akakuta hakuna. Alichobaki nacho ni moto wa masikio tu. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akisema kwamba maneno makali hukaa kichwani. Kweli yalikaa, ila yaliyokaa hayakuwa na kazi ya kufanya humo.

"Nani hapa anaweza kugomba?" Tajiri aliuliza, akiwageukia wengine.

Mafundi wakatazamana. Mwisho fundi wa kukereza, ambaye tangu aungame habari ya kitanda alikuwa na hamu ya kusaidia, akasema, "Tajiri, anayeyajua makaripio ya Mkuu kuliko sisi sote ni Taratibu. Ameyala yote."

Taratibu alitolewa nyuma ya turubai, ana brashi mkononi. Akakataa. Akasema yeye ni mtu wa vanishi. Tajiri akamwambia ajaribu neno moja tu. Taratibu akaweka brashi chini, akakohoa, akamtazama aliyekuwa karibu naye, na kinywa kile cha upole kikafunguka.

"Unapima kwa futi au kwa imani? Nyundo hiyo ni ya kupigia msumari au ya kupigia porojo? Mguu huu wa meza ni mguu au ni goti? Kila siku nakwambia. Kila siku nakwambia."

Ilikuwa sauti ya Honi mzima mzima, hadi ile pumzi ya puani anayovuta kabla ya sentensi ya mwisho. Mabati yalitetemeka. Paka aliyelala kwenye maranda aliondoka. Tajiri akacheka kwa furaha, akampiga bega.

"Wewe ndiye msimamizi mpaka huyu apone. Na wewe," akamgeukia Honi, "usikae bure. Nenda kwenye vanishi. Vanishi haitaki koo."

Basi Honi akaingia nyuma ya turubai akiwa na brashi, na mbele ya turubai akawa anasikia makaripio yake mwenyewe yakipita mchana kutwa. Mwanzoni aliona fahari kidogo. Yalikuwa yamepangika vizuri. Kufikia saa ya chai akaanza kuona kwamba ni yale yale. Kufikia jioni alikuwa akiyamaliza kichwani kabla Taratibu hajayamaliza, na kichwa kikimuuma.

Kazi ya vanishi aliiona ya watoto. Alipewa meza ya kulia. Akapaka mkono wa kwanza mzito ili usihitaji wa pili. Vanishi ikatiririka miguuni kama machozi. Akafuta, akapaka tena. Akaona kungoja ni uvivu, akaanza kuuzunguka uso wa meza, akibonyeza kidogo hapa, kidogo pale. Mara akaona katikati ya meza alama ya kidole gumba.

Aliinama. Ilikuwa pana, na katikati ilikatwa na mstari wa mlalo. Honi akageuza kidole gumba chake. Mstari ule ulikuwa pale, kovu la patasi aliyojikata alipokuwa bado anajifunza kazi. Na mstari huo huo alikuwa ameuona, wazi kabisa, kwenye mlango wa kati wa lile kabati, siku ile alipokuwa akinguruma.

Akalivuta kopo la rangi, akalifudikiza, akakaa juu yake.

Turubai likavutwa. Taratibu alikuwa amesimama pale, kifua mbele, hajashuka bado kutoka kwenye karipio la mtu mwingine. Akaiona meza.

"Hii ni nini?" alianza. "Mkono huo unapaka vanishi au unapaka aibu? Kila siku nakwambia. Umekaa juu ya kopo kama kuku anayeatamia. Wewe ni..."

Akatazama nyuma, akaliachia turubai lifunge, akashusha sauti mpaka ikawa yake mwenyewe.

"Mkuu, samahani. Hapa huwa unamalizia nini? Siku ile uliishia hapa. Nimejiuliza sana. Nilimuuliza hata mke wangu, akasema nisubiri upone."

Honi alichukua ubao, akafikiri kwa kweli, akaandika: Sikumbuki. Halafu akanyoosha kidole gumba, akakiweka karibu na alama iliyokuwa mezani, akampa Taratibu nafasi ya kutazama.

Taratibu alitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Nilijua," alisema. "Kidole changu si kipana hivyo."

Honi akaandika: Mbona hukusema?

"Ningesema saa ngapi, Mkuu? Ulikuwa unaongea."

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Honi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza alifurahi kuwa hana sauti, maana angekuwa nayo angesema kitu.

Taratibu alikaa kwenye kopo la pili. Akamweleza, kwa maneno ya kawaida, kwamba vanishi haishikwi ili kujua kama imekauka, inanuswa. Harufu ikiacha kuuma pua, basi. Akamweleza apake nyembamba, afuate mkondo wa mbao, halafu akae mbali nayo, kwa sababu mtu akisimama karibu mkono humtoroka. "Ndiyo maana mimi hukaa," alisema. "Si uvivu. Nikisimama nitaigusa." Halafu akasimama, akavuta pumzi ya puani, akatoka nje, na Honi akamsikia akimuuliza fundi wa bawaba kama macho yake ni ya kutazamia au ya kulalia.

Mwezi ulipoisha Honi alikwenda hospitali peke yake; daktari alimmulika tena, akasema vinundu vimepungua. Aongee, lakini akirudia kupiga kelele asimlaumu mtu. Sauti iliyorudi haikuwa ile. Ilikuwa nyembamba, ina mikwaruzo, na haikuvuka pua ya mtu aliyesimama karibu. Honi alikwenda ofisini kwa Tajiri akamweleza. Tajiri akamsikiliza amekunja uso, hasa kwa sababu ilimbidi ainame ili asikie.

"Kwa hiyo utasimamiaje?"

"Nitawafuata mmoja mmoja," Honi alisema.

"Mmoja mmoja? Utakuwa msimamizi au mgonga mlango?"

Lakini Tajiri alikuwa na tatizo lingine. Tangu Taratibu ashike usimamizi, meza ya kulia ilikuwa imerudishwa, na makabati mawili yalikuwa na michirizi. Na Taratibu mwenyewe alikuwa amekuja asubuhi hiyo hiyo kujiuzulu. Alisema koo linamuuma, na mkewe amemhamishia sebuleni, kwa sababu juzi alimuuliza kama chumvi ile aliitia kwa kijiko au kwa koleo, na hakujua maneno hayo yametoka wapi.

Tajiri alitafakari, akapata suluhisho lililomfaa mfanyabiashara. Honi atasimamia kazi. Taratibu atarudi kwenye vanishi, lakini mteja akionekana ofisini, kengele itapigwa, naye atatoka nyuma ya turubai agombe kidogo, kisha arudi. Akasisitiza asigombe mtu maalumu. Agombe tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kengele ikilia, Taratibu hutoka, anafuta mikono, anauliza hewani kama nyundo ni ya msumari au ya porojo. Mafundi wanainamisha vichwa kwa adabu huku wakiendelea na kazi, mteja anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaweka malipo ya awali. Wakati huo Honi anapita kati ya meza za kazi, anainama karibu na sikio la mtu, anasema inakwama kushoto, au hapa gundi imezidi, anapita. Wengi waliipenda hali hiyo. Si wote. Fundi wa kukereza alimfuata siku moja, ana uso wa huzuni.

"Mkuu, nimekukosea nini? Wiki nzima hujanigomba."

"Kazi yako ni nzuri."

"Ndiyo, lakini zamani ilikuwa nzuri na ulikuwa unanigomba."

Honi akautazama ule mguu wa meza, hakuona kosa, akasema kwamba kama atapata muda kesho atatafuta. Yule bwana akaondoka ana matumaini.

Nyumbani hakumwambia mkewe kwamba amepona. Siyo kwamba alipanga kumdanganya. Alirudi jioni ile, akamkuta anasimulia habari ya dada yake na mwenye nyumba wake aliyemng'olea mlango kwa sababu ya kodi, akaona akifungua mdomo tu kumwambia sauti imerudi, habari hiyo itakatika katikati, naye alitaka kujua mwenye nyumba alifanya nini. Kesho yake kulikuwa na habari nyingine. Keshokutwa nyingine. Alikaa mezani, anatikisa kichwa pale panapohitaji, na kila jioni alijiambia kwamba atasema akishakula.

Ijumaa, binti alikutana na fundi wa bawaba njiani, akarudi na salamu kwa baba ambaye, alisema, leo amewaeleza vizuri sana habari ya zile bawaba.

Mkewe alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama.

"Amewaeleza kwa mdomo?"

Binti akamtazama baba yake, akaona ni vyema aende chumbani kusoma.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

Honi alionyesha vidole vinne, halafu akaona haya, akavishusha.

"Jumatatu," alisema.

Mkewe aliisikia sauti ile mpya, ya mikwaruzo, na kwa nukta moja uso wake ukalegea. Kisha akakumbuka alikuwa amekasirika. Akaweka kisu chini na kumtolea uvivu. Alimwambia kwamba hiyo ni tabia mbaya, kumwacha mtu aongee peke yake siku zote hizo kama redio dukani, kumbe mwenye duka yupo. Alimwambia kwamba siku zote hizo alikuwa akimwonea huruma na kumpikia supu laini. Alimwambia kwamba kama alitaka kumsikiliza angeweza kumsikiliza akiwa na sauti yake, watu wengine hufanya hivyo. Honi alikaa wima, mikono juu ya meza, akamsikiliza.

"Umenielewa?" mkewe alimaliza.

"Nimekuelewa."

"Nimesema nini?"

"Nikisikia, niseme nimesikia."

Mkewe alimwangalia, akitafuta mzaha usoni mwake, akaukosa. Akarudi kwenye vitunguu.

"Na huyo mwenye nyumba," Honi alisema, "mwishowe alirudisha mlango?"

"Subiri nimalize kukasirika," mkewe alisema, "nitakwambia."